Kinyozi katika Mtaa wa Vipara

Siku aliyohamia, Kinyozi aliufokea mtaa mzima, na mtaa mzima haukumjibu.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya chumba alichokodi. Vyombo vya nyumbani vilikuwa vimeshashushwa, na kilichobaki ni kile alichokipenda kuliko vyote: kiti chake cha kunyolea, chekundu, cha ngozi, kizito kama ng'ombe aliyelala. Vijana wawili wa mtaani walikibeba mabegani. Walipofika katikati ya barabara, tarumbeta likalia kutoka nyuma ya ukuta mrefu, na vijana wakasimama. Hawakukitua kiti wala hawakukisogeza. Walisimama wima, macho mbele, kiti juu, jasho likiwachuruzika hadi kidevuni.

Kinyozi akadhani wamechoka. Akawaambia wajikaze, mlango ndio huo hapo. Kimya. Akakumbuka wapagazi wa kule alikotoka, waliokuwa na mtindo wa kugoma mzigo ukiwa bado hewani, basi akapandisha sauti. Akawauliza kama wamelogwa. Akawauliza kama wanajua kwamba kiti hicho ndicho kilichomlea mwanawe. Akafoka, akafoka, mpaka akagundua kuwa sauti anayoisikia ni yake peke yake. Mwenye baiskeli alikuwa ameshuka na kushika usukani. Mwanamke wa duka la jirani alikuwa amesimama na kijiko cha sukari hewani, na mteja wake amesimama na mfuko wazi. Hata watoto waliokuwa wakicheza mpira walikuwa wamekauka kama vigingi, huku mpira ukijiendea wenyewe mtaroni.

Tarumbeta likanyamaza. Kiti kikaendelea na safari yake, sukari ikamiminika mfukoni, mtoto mmoja akaufuata mpira. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mwanamume mrefu, mkavu, sare yake imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama bila yeye, na kichwa chake kinang'aa kama sufuria jipya. Alimtazama Kinyozi bila hasira.

"Mgeni," akasema, "umemaliza?"

Kinyozi akasema amemaliza.

"Basi karibu mtaani. Bendera ikishushwa, huwa tunasimama."

Akaenda zake, hatua zote zikiwa sawasawa. Huyo alikuwa Sajini, mkufunzi wa gwaride katika chuo cha kijeshi kilichokuwa nyuma ya ukuta ule, na nyumba yake ilitazamana mlango kwa mlango na chumba cha Kinyozi.

Walihamia pale kwa sababu ya mke. Alikuwa nesi, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika hospitali ambayo wagonjwa walilala wawili wawili kitandani na yeye akirudi nyumbani miguu imevimba. Zahanati ya chuo ilipomchukua, alisoma ile barua amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akaiweka juu ya kabati na kuanza kufunga vyombo kabla mumewe hajasema neno. Mumewe mwenyewe hakuwa na neno. Alimpenda, na alijua jinsi alivyochoka.

Tatizo lilikuwa kiti. Kule mjini Kinyozi alikuwa na nafasi yake dirishani, katika chumba alichoshirikiana na rafiki yake waliyemwita Chanuo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila chanuo limechomekwa kichwani. Alikuwa na wateja aliowanyoa tangu wakiwa hawajaota jino. Akihama, ataanza upya. Basi wakakubaliana hivi: Chanuo ataiacha nafasi ya dirishani wazi mpaka litakapopigwa gwaride la kuhitimu la chuo. Kiti kikipata wateja, vizuri. Kisipopata, Kinyozi atarudi mjini kufanya kazi, na familia itamwona mwisho wa mwezi.

"Nakubali," mkewe alisema, "ila ujaribu kwelikweli. Usije ukakaa huko ukihesabu siku za kurudi."

Na kusema haki, Kinyozi alikwenda na matumaini tele. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wanajeshi wana vichwa, vichwa vina nywele, na nywele haziombi ruhusa kuota. Alipaka chumba rangi ya samawati, akatundika kioo kikubwa, akabandika picha za mitindo ukuta mzima, akapanga mikasi, mashine, brashi na chupa ya spiriti kama altare. Siku ya kufungua, mwanamke wa duka aliingia kumtazama. Mtaa ulimwita Bi Redio, na hakukasirika kuitwa hivyo. Alizungusha macho ukutani, picha baada ya picha, kisha akaketi kwenye benchi la wateja ili acheke vizuri.

Alimweleza mambo yalivyo. Makadeti hunyolewa ndani ya chuo, wao kwa wao, kwa mashine inayopita kichwani kama inafyeka majani. Wakufunzi hujinyoa wenyewe asubuhi. Na wanaume wengine wa mtaa ule, karibu wote ni wastaafu wa jeshi. Kila Jumamosi hukaa mstari mmoja pale kwenye bomba la maji, wa kwanza akamnyoa wa pili, wa pili akamnyoa wa tatu, na birika la chai halijachemka wote wameshakuwa vipara.

"Mdogo wangu," akasema, "umekuja kumuuzia nyoka viatu."

Kinyozi alicheka pia, lakini usiku ule hakucheka.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa namna yake. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, na mvua ikiyachafua yalipakwa tena kabla hayajakauka vizuri. Viatu vilipangwa mlangoni vikiangalia nje, tayari kwa safari. Akina mama waliinjika sufuria kwa tarumbeta la mchana na kuwaogesha watoto kwa tarumbeta la jioni. Saa za ukutani zilikuwa mapambo. Binti yao, aliyekuwa darasa la pili, alizoea haraka kuliko wote. Wiki haikuisha akawa anakuja mlangoni, anapiga saluti na kusema, "Afande baba, chai tayari." Nesi naye alinawiri. Alirudi kazini akiimba. Alieleza jinsi makadeti wenye miraba minne wanavyofumba macho wakiona sindano, na jinsi alivyo na kitanda kimoja kwa mgonjwa mmoja na shuka safi juu yake. Kinyozi alimsikiliza na kufurahi, na furaha ile ile ndiyo iliyomchoma. Atawaachaje hawa?

Wateja wake walikuwa watoto wa shule, mwalimu wao, na dereva wa lori la taka ambaye alipenda kusinzia kitini. Kiti kilishinda kikiangalia barabara. Kinyozi alikifuta vumbi asubuhi, akakifuta mchana, na siku nyingine alikikalia mwenyewe ili kisionekane kitupu.

Ndipo Jumapili moja kadeti akaingia.

Makadeti walikuwa na ruhusa ya kutoka Jumapili mchana. Walinunua biskuti kwa Bi Redio, wakapiga simu kwa mama zao, wakarudi. Huyu alikuwa kijana mrefu mwenye masikio makubwa na uso wa mtu aliyeamka sasa hivi. Alisimama mlangoni akizitazama picha, mkono kichwani. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi, nene, nzuri sana. Kinyozi aliziona kama fundi seremala anavyouona ubao wa mninga.

Kijana alisema anataka kupunguzwa kidogo tu. Angeweza kumpunguza kidogo tu. Lakini Kinyozi alikuwa amekaa wiki nyingi na mikono inayowasha, na kichwa kizuri kimekuja chenyewe. Akamuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza kijana yule tangu avuke lango la chuo: "Wewe mwenyewe unapenda uonekane vipi?"

Kadeti akafikiri. Akasema hajui. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba zamani, nyumbani, alikuwa na mstari ubavuni. Mstari mdogo.

"Mstari mdogo hauna kesi," Kinyozi akamwambia. "Kofia itaufunika."

Akazipunguza pembeni kidogo kidogo mpaka zikafifia kama moshi, akapitisha mstari kwa ncha ya wembe, umenyooka kama uzi wa fundi wa kuta. Kadeti alijitazama kiooni, akageuza kichwa huku na huku, akatabasamu mpaka masikio yakapanda. Alitoka pale akitembea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kinyozi alimtazama mpaka akapotea langoni, akajiambia, haya sasa, kesho watakuja kumi.

Kesho yake walikuja wengi zaidi, lakini si kunyolewa. Walikuja mbio. Platuni nzima ilikuwa ikizunguka ukuta wa chuo kwa nje, kila mmoja na mfuko wa mchanga begani, vumbi limetanda juu yao, na kila mzunguko ulipita mbele ya chumba cha samawati. Mbele ya wote alikuwa kadeti wa jana. Kichwa chake kilikuwa kimekwanguliwa mpaka kwenye ngozi, na juu ya sikio kulikuwa na mchubuko. Hakugeuza macho. Wenzake waligeuza, mmoja mmoja, wakamtazama Kinyozi, na macho yale hayakuhitaji maelezo.

Sajini alisimama barabarani akiwahesabia hatua. Walipopita mara ya mwisho, akaja mlangoni.

"Jirani," akasema, "kiti chako kimepigwa marufuku. Kadeti hataingia tena hapa."

Kinyozi alikuwa na hasira na aibu, na mtu mwenye vyote viwili hutanguliza hasira. Akamwambia ni nywele tu zile, afande. Akamwambia kijana hakuiba, hakulewa, alitaka tu kuwa na sura yake kwa siku moja. Ni kosa gani hilo la kuwabebesha mchanga watu wote?

Sajini hakupandisha sauti. Alieleza kama mtu anayesoma ratiba. Siku ya kwanza, alisema, wanakuja mtoto wa waziri na mtoto wa mchunga mbuzi. Mmoja ana nywele za saluni ya kifahari, mwingine mama yake amemnyoa kwa kiwembe. Tunawanyoa wote. Wakishakuwa vipara, hakuna anayejua nani mtoto wa nani, wala wao wenyewe. Hapo ndipo kazi inaanza.

"Kwenye kiti changu," Kinyozi akajibu, "kazi inaanza pale ninapojua huyu ni nani."

"Ndiyo. Na mchanga kabeba yeye, siyo wewe."

Hapo hasira ikamwisha Kinyozi. Maana ilikuwa kweli. Yeye alipata sifa ya dakika moja kiooni, kijana akalipa kwa mabega yake na ya wenzake. Aliyoyasema kuhusu sura ya mtu aliyaamini, na wala hakuacha kuyaamini. Lakini alijua pia kwamba mstari ule aliuchora kwa ajili ya biashara yake, si kwa ajili ya kijana. Jioni akavuka barabara, akagonga, akasema amekuja kuomba msamaha na angependa kumwomba kadeti mwenyewe.

Sajini alikuwa anapiga kiwi kiatu. Akasema chuoni kuna muda wa kula, muda wa mazoezi, na muda wa kulala. "Muda wa kuomba radhi haumo kwenye ratiba." Lakini akamsogezea kigoda, akampa chai, na walikunywa wakitazama kile kiatu.

Baada ya hapo mtaa ulimkwepa Kinyozi kwa adabu. Walimsalimia, walimuuliza habari za mtoto, walimsifu mkewe aliyewachoma sindano bila kuwaumiza, ila mlangoni hakuna aliyekanyaga. Kiti kilichopigwa marufuku na Sajini hakikuwa kiti cha kukaliwa na mtu mwenye akili zake. Bi Redio peke yake ndiye aliyeendelea kuja, anakaa kwenye benchi, anamletea matangazo. Matangazo makubwa ya msimu ule yalikuwa mawili. Gwaride la kuhitimu linakaribia. Na Sajini anastaafu siku hiyo hiyo. Amri yake ya mwisho ataitoa pale uwanjani, kisha atavua sare.

"Mtu aliyeingia jeshini hajaota ndevu," alisema Bi Redio. "Sijui ataamka aende wapi."

Kinyozi aliitikia bila kusikiliza sana. Alikuwa na lake. Chanuo alishapiga simu akauliza kwa upole, na aliposikia jibu hakumcheka. Akasema nafasi ya dirishani bado ipo, aje tu. Nesi alisikia mazungumzo yale kutoka jikoni. Aliendelea kukata vitunguu. Baadaye alimwambia mumewe kwamba alijaribu kwelikweli, yeye ni shahidi, na kwamba mtoto ataeleweshwa. Alilisema hilo akimtazama usoni, bila kulia, na Kinyozi alitamani angelia.

Asubuhi ya gwaride mtaa ulijaa wageni. Wazazi walitoka mbali, wamevaa nguo zao za maana, wanatembea taratibu kando ya mawe meupe kama watu walioingia nyumba ya mwenyewe wasiyemjua. Nesi alikuwa na nafasi jukwaani kwa ajili ya familia yake, kwa hiyo Kinyozi aliingia ndani ya ukuta ule kwa mara ya kwanza. Alitegemea kuona kitu cha kumkasirisha. Aliona vijana mamia wamesimama safu kwa safu, kofia moja, kivuli kimoja, na kwa kweli hakujua yupi mtoto wa nani. Mama mmoja aliyekaa mbele yake alikuwa akimtafuta mwanawe kwa kidole, yule, hapana, yule, hapana, na mwishowe akaacha kutafuta akawa anawapigia makofi wote. Kinyozi aliliona hilo likakaa moyoni mwake.

Kisha Sajini akapiga hatua mbele na kutoa amri. Sauti ilipanda, ikapasuka juu ya uwanja, na buti mamia zikagonga ardhi kama mlango mmoja unaofungwa. Akabaki amesimama. Hapakuwa na amri nyingine iliyobaki.

Mchana, Kinyozi alirudi chumbani kuanza kufungua kioo ukutani. Bisibisi ilikuwa bado mkononi alipovamiwa na mama wa mbele yake jukwaani, aliyekuwa amemshika mkono afisa kijana mwenye masikio makubwa.

"Wewe ndiye uliyemchora mwanangu kichwani?"

Kinyozi akasema ndiye. Akaanza kuomba radhi, maneno aliyokuwa ameyapanga tangu siku ya mchanga, na mengine yakamtoka vibaya. Kijana akamkatiza. Alisema wenzake walimnunia kwa muda, kisha wakamwita Mstari, na jina hilo likawa lao wote. Platuni ya Mstari. Usiku wa baridi porini, mtu akitaka kukata tamaa, walimwambia, wewe ulibeba mchanga kwa ajili ya nywele za Mstari, leo utashindwa na baridi? Wakacheka, wakatembea.

"Kwa hiyo usinisikitikie sana," akasema. "Ila mstari wenyewe ulikuwa mzuri, kaka. Niliuona siku moja tu."

Mama akasema kama ni hivyo basi anataka apigwe picha na mchoraji. Wakapiga picha, watatu, mbele ya kiti, kinyozi akiwa na bisibisi mkononi. Walipoondoka alijisikia mwepesi. Hilo moja limekwisha. Akaendelea kulegeza skrubu.

Kesho yake asubuhi tarumbeta lilipolia, kioo kilikuwa kimeegemezwa sakafuni na picha za mitindo zimekunjwa. Kiti tu ndicho kilichobaki katikati, kikisubiri lori. Kivuli kikaingia mlangoni.

Kinyozi hakumtambua kwanza. Mtu alikuwa amevaa shati la maua ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Mikono yake haikujua ikae wapi; iliingia mfukoni, ikatoka, ikashikana nyuma. Ni kile kichwa kilichong'aa ndicho kilichomtaja.

"Naruhusiwa kuingia?" akauliza Sajini.

Kinyozi akamwambia marufuku ni yake yeye mwenyewe, ajipe ruhusa. Sajini akaingia. Alikizunguka kile kiti kama anakikagua, akaketi ukingoni, mgongo haukugusa.

"Usininyoe," akasema.

"Afande, mimi nina kazi moja tu hapa."

"Leo nimeamka kwa tarumbeta. Nimenawa. Nimechukua wembe kama kila siku." Akautazama mkono wake wa kulia. "Halafu nikajiuliza, nani kasema?"

Basi akaeleza, kwa vipande, akitazama ukuta uliobaki na alama za picha. Aliingia jeshini kijana mdogo na tangu hapo hajawahi kuwa na nywele za kushika. Mkewe, aliyefariki, hakuwahi kuziona. Hajui ni nyeusi au nyeupe. Hajui zinalala upande gani.

"Nimewafanya watu wafanane maisha yangu yote," akasema. "Sasa mimi mwenyewe sijui nafanana na nani."

Kinyozi aliweka bisibisi chini. Akachukua kitambaa cheupe kutoka kwenye sanduku alilokuwa ameshalifunga, akakikung'uta, akamfunga shingoni. Akamlaza nyuma taratibu, mgongo ukakubali, na akapitisha vidole juu ya kichwa kile, polepole, kama anasoma. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Na kadiri alivyopapasa ndivyo alivyozidi kuuma midomo.

"Sema," Sajini akaamuru.

"Afande, pembeni zipo. Nyuma zipo za kutosha, nzito, na kuna mvi kidogo, inakupendeza."

"Juu?"

"Juu, afande, zilishastaafu kabla yako."

Kisha kiti kikaanza kutikisika. Kinyozi alidhani mzee analia, akainama kumwona, akakuta anacheka bila sauti, machozi yakimwingia masikioni. Miaka yote ile, Sajini akasema alipopata pumzi, miaka yote kajinyoa kila asubuhi, giza na baridi, na nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika. Kinyozi naye akashindwa kujizuia. Bi Redio alisikia vicheko viwili vya wanaume kutoka chumba kilichokuwa kinafungwa, akaacha duka wazi akaja kuchungulia. Aliyemwona kitini alimfanya asahau kuuliza.

Walikubaliana kwamba hatanyolewa. Ataziacha ziote, na Kinyozi atazitunza wiki kwa wiki, atazipunguza pembeni zisiwe kama za mwendawazimu, mpaka waione ile sura iliyokuwa ikingoja chini yake. Sajini aliinuka, akajitazama kwenye kioo kilichoegemezwa sakafuni, ambamo alijiona kuanzia magotini hadi kidevuni tu.

"Kioo hiki kwa nini kiko chini?" akauliza.

Kinyozi akamwambia ukweli: anaondoka. Akaeleza ahadi, nafasi ya dirishani, mtoto na mkewe watakaobaki.

Sajini alimsikiliza. Aliokota bisibisi, akanyanyua upande mmoja wa kioo, akangoja kwa subira mpaka Kinyozi akanyanyua upande wa pili.

Jumamosi iliyofuata, pale kwenye bomba la maji, mstari wa vipara ulikuwa na pengo. Sajini alipita mbele yao na shati lake la maua na kichwa kilichoanza kuwa na kivuli pembeni, akavuka barabara, akaingia kwa Kinyozi, akakaa. Walimtania vya kutosha. Mmoja alimuuliza kama amepigana na kuku. Lakini baada ya siku kadhaa mtunza stoo wa zamani alikuja kuuliza, anauliza tu, kama masharubu yanahitaji matunzo maalumu. Akafuata dereva wa vifaru aliyetaka kujua kama nywele zake bado zina mawimbi kama alivyokuwa akiambiwa utotoni na mama yake. Zilikuwa nayo, na alikaa kitini akizishika muda mrefu baada ya kazi kwisha. Waliingia mmoja mmoja, wakitazama nyuma kama watu wanaotoroka lindo, kila mmoja na aibu yake. Na Kinyozi alimuuliza kila mmoja swali lile lile alilomuuliza kadeti, ila safari hii hakuwa na haraka ya kupata jibu. Wengine iliwachukua wiki. Watu waliojitoa ili wengine waishi kwa hiari yao, nao walistahili kuonja hiari, hata kama itaanzia kichwani.

Makadeti hawakuja, marufuku ilibaki pale pale, na Kinyozi hakuomba iondolewe. Vichwa vyao vilikuwa na kazi nyingine kwa sasa. Watakuja siku yao ikifika.

Jioni moja, akiwa amesimama mlangoni anafagia, alimpigia Chanuo. Nesi alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, anakuja kwa mbali kando ya mawe meupe, binti yao anarukaruka mbele yake. Kinyozi alimwambia rafiki yake kwamba ile nafasi ya dirishani sasa ampe mtu mwingine, ampe kijana mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Chanuo akauliza kama ana uhakika. Kinyozi alifungua kinywa ajibu, na tarumbeta likalia.

Ufagio ukasimama. Mke akasimama, mtoto akasimama na mguu mmoja hewani. Ndani, Sajini alinyanyuka kitini na kitambaa cheupe shingoni, kitana mkononi, nywele zake zimechanwa nusu, akasimama wima. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Halo?" ilisema sauti ya Chanuo. "Halo, umekatika? Bado upo huko?"

Kinyozi alitazama mbele, bila kutikisika, akisikia sauti ile ikiuliza na kuuliza tena, mpaka bendera ikafika chini na mtaa ukavuta pumzi.

"Nipo," akasema. "Nipo huku."